Mwombaji wa Akiba

Ofisi ya Utumishi, Karakana ya Viungo Bandia
3 Februari

Kwa Fundi wa Viungo, Zahanati

Ndugu Fundi,

Pokea shukrani zangu, na za jopo zima, kwa kufunga safari ndefu ukaja kusailiwa nasi. Wapo waombaji wanaotuletea vyeti. Wewe ulituletea vyeti na viganja. Tangu ulipotoka mlangoni, wajumbe hawajaacha kukutaja, na yule aliyekuwa mkali kuliko wote ndiye anayekutaja zaidi.

Majadiliano ya ndani yanaendelea, na taratibu za taasisi, kama ujuavyo, zina mwendo wa kinyonga: hazikimbii, wala hazianguki. Kwa sasa sina la kukuarifu ila kwamba jina lako limekaa mahali pazuri. Ningekuomba, kwa heshima zote, usijifunge kwa mwajiri mwingine kabla hujapata neno letu. Itakuwa huzuni kwetu sote ukiondoka mlangoni wakati mkono u karibu na kitasa.

Ulimtaja mama yako mbele ya jopo kwa maneno yaliyotugusa. Mfikishie salamu za watu asiowajua lakini wanaomtakia heri.

Wako katika kazi ya kuwasimamisha watu tena,
Mkuu wa Utumishi


Nyumba ya Watumishi, Zahanati
7 Februari

Dada yangu,

Acha cherehani, kaa, ndipo uendelee kusoma. Barua ya karakana imekuja! Nimekunakilia yote upande wa pili wa karatasi hii, nisije nikaambiwa nimeongeza chumvi. Niliisoma kimya mpaka Mama akasema, "Wewe Kitinda, hiyo ni ya kazi au ya mchumba? Kama ni ya kazi, isome kwa sauti. Kama ni ya mchumba, isome kwa sauti zaidi."

Sikukusimulia vizuri ule usaili. Walikaa nyuma ya meza ndefu, na kando yao palikuwa na feni iliyotikisa kichwa kama mtu anayekataa kila jibu. Mkuu wa Utumishi ndiye aliyeongea. Ana sauti ya kukufanya uone umeshaketi kwenye kiti chako. Mkuu wa mafundi, ambaye wote humwita Mzee Plasta kwa kuwa nyusi zake zina vumbi jeupe lisilotoka, hakusema neno mpaka mwisho. Ndipo akanisukumia kikombe, ile sehemu ya mguu bandia inayopokea kigutu, akauliza, "Mwenye mguu huu analia wapi?" Nikapitisha dole gumba ndani. Nikamwambia analia hapa, kwa nje, chini kidogo ya goti, na analia akishuka ngazi, si akipanda. Mzee akacheka mpaka vumbi likamtoka.

Dada, naitaka kazi hii kama sijawahi kutaka kitu. Hapa nina jiriwa moja ya kubania na tupa zilizochoka. Watu wazima nawahudumia, lakini watoto nawarudisha mlangoni, maana mtoto hukua na mguu bandia haukui, na hatuna vifaa vya kumbadilishia kila anapouzidi. Kule wana chumba kizima cha watoto.

Sasa mashaka. Daktari Mkuu ameniletea mkataba mpya, na anataka sahihi yangu kabla Februari haijaisha. Nisipotia sahihi, nafasi inakwenda kwa mwingine, na nyumba hii inaifuata nafasi. Nawe unajua macho ya Mama sasa ni ukungu mtupu. Nyumba hii anaiona kwa viganja. Anakijua kizingiti kwa kidole cha mguu na dirisha la jikoni kwa upepo. Nilimuuliza kama atakubali tuhame. Akasema, "Nyumba moja mpya nitajifunza, mwanangu. Mbili hapana. Kichwa changu kimebaki na nafasi ya nyumba moja."

Karakana nayo ina nyumba ya fundi. Kwa hiyo ikiwa ni ndiyo, ni heri tupu. Nangoja tu neno lao.

Mdogo wako,
Kitinda


Chumba cha Cherehani
12 Februari

Kitinda,

Nimeisoma nakala yako nikitafuta neno "ndiyo" kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia kwa miguu mitupu: taratibu, na kwa hofu. Sikulipata. Nikatafuta "hapana". Nayo haipo. Nimekuta kinyonga, kitasa, na salamu kwa Mama.

Mdogo wangu, nisikilize mimi niliyekubeba mgongoni. Mwanamume anayekutaka huja na wazee wake. Asiyejua kama anakutaka huja na mashairi. Mteja akiniuliza gauni lake limeisha au bado, nikamjibu "limekaa mahali pazuri," atanichapa na utepe wangu mwenyewe. Tena litazame ombi lake: usijifunge kwingine. Yeye amejifunga wapi? Anataka uishike kamba upande wako, na upande wake ameiachia chini.

Waandikie. Uliza swali lenye mlango mmoja: mmenichukua, au hamkunichukua? Najua utasema ni kukosa adabu. Adabu gani hiyo inayomzuia mtu kujua atalala wapi mwezi ujao? Wasipokujibu, tia sahihi kwa Daktari wako ulale usingizi.

Chumba changu mnakijua: ni kimoja, mashine imekaa katikati kama mwenye nyumba, na kushuka uani kuna kidato kibovu. Mkija, mlango na moyo viko wazi. Lakini sipatamani hapa kwa ajili ya Mama.

Dada yako


Nyumba ya Watumishi, Zahanati
16 Februari

Mheshimiwa Mkuu wa Utumishi,

Barua yako ya tarehe 3 ilinifikia, na ilinipa furaha ambayo sitaificha. Naandika kukuomba jambo moja, na naomba usilihesabu kuwa ni haraka ya mtu asiye na subira.

Mwajiri wangu amenipa mkataba mpya, nao unahitaji sahihi yangu kabla ya mwisho wa Februari. Nisipoutia sahihi, napoteza kazi pamoja na nyumba ninayoishi na mama yangu, ambaye haoni. Nikiutia sahihi, nitakuwa nimejifunga kwa miaka mitatu, kinyume cha ombi lako. Siwezi kusimama pande zote mbili za mto.

Kwa hiyo nauliza waziwazi. Je, nafasi hii mmeshampa mtu? Kama bado, mtaamua lini? Kama nimekosa, niambie nimekosa. Kazi yangu ni kuwaeleza watu habari za miguu yao, nami nimeona kwamba anayeambiwa ukweli hulia siku moja, na anayefichwa hulia kila siku. Hutanivunja. Utakuwa umenifungulia njia ya kurudi mezani kwangu kwa amani.

Kwa heshima,
Fundi wa Viungo


Ofisi ya Utumishi
19 Februari

Kwa Mzee Plasta, Karakana

Shemeji,

Naambatisha barua ya yule binti wa zahanati. Imenikosesha raha. Kama ujuavyo, kijana tuliyemchagua alikwisha kutia sahihi kabla sijamwandikia binti neno la kwanza, na sasa yuko mezani kwako. Lakini unaujua pia utaratibu wetu: aliyeshika nafasi ya pili huwekwa akiba, bila kuambiwa, mpaka wa kwanza amalize kipindi cha majaribio. Hujasahau mwaka ule fundi mpya alipotutoroka, akaacha meza tupu na foleni ya wagonjwa hadi barabarani. Utaratibu huu ulizaliwa siku ile, na bodi inaupenda kama mtoto wa uzeeni.

Nikimwambia ukweli, atatia sahihi kwao na tutampoteza. Nikimwambia uongo, nitakuwa mwongo. Nakusudia kupita katikati. Unasemaje?

Shemeji yako,
Mkuu wa Utumishi


Karakana
22 Februari

Shemeji Kalamu,

Katikati ya ukweli na uongo hakuna njia. Pana shimo, na atakayetumbukia si wewe.

Kijana ni mzuri. Anapiga tupa kama anayempapasa mtoto aliyelala. Simlalamikii. Lakini yule binti aliniambia mgonjwa analia wapi kwa dole gumba moja, na mtu wa namna hiyo hawekwi kabatini kama plasta ya ziada. Hata plasta yenyewe, ukiiweka mno, inashika unyevu na kugandia ndani ya mfuko.

Mwambie hivi: "Tumemchukua mwingine. Wewe ulikuwa wa pili. Akiondoka tutakuita, lakini usitungoje." Maneno hayo yanaenea nyuma ya kadi ya salamu. Bodi ikiuliza, sema Mzee Plasta alikutishia na msumeno.

Najua hutafanya. Siku ulipokuja kumposa dada yangu ulihutubia mpaka chai ikapoa, na ulipoondoka baba akatuuliza, "Kwani yule alikuja kuomba nini?" Wewe ulisalimika kwa sababu dada alikuwa na jibu lake tayari. Binti huyu hana.

Mzee Plasta


Ofisi ya Utumishi
26 Februari

Ndugu Fundi,

Barua yako imesomwa kwa uzito unaoistahili. Ujasiri wa kuuliza ni miongoni mwa sifa zilizotuvutia kwako.

Maamuzi ya mwisho kuhusu muundo wa idara hayajakamilika, nami si msemaji wa bodi kabla bodi haijasema. Ninachoweza kukuthibitishia ni kwamba hujasahauliwa, hujapuuzwa, wala jina lako halijaondolewa. Kuhusu mkataba ulio mbele yako, si haki yangu kukushauri, kwa kuwa kila mtu ndiye ajuaye uzito wa mzigo wake. Naweza tu kusema, kwa niaba ya wengi hapa, kwamba tungesikitika mno kukupoteza sasa, hapa tulipofika.

Subira, walisema wahenga, huvuta heri. Na heri yako, naamini, haiko mbali.

Mkuu wa Utumishi


Nyumba ya Watumishi, Zahanati
9 Machi

Dada,

Februari imeisha na kalamu sikuishika. "Hapa tulipofika," aliandika. Nikajiuliza, mtu atasemaje "tulipofika" kama hatujafika popote? Nikaona aibu kumshuku mtu anayeandika vizuri hivyo.

Daktari Mkuu hakukasirika. Ningefurahi angekasirika. Alisema tu, "Ningekungoja, kama ungeniambia unangoja nini." Sikuweza kumwambia, kwa sababu na mimi sikijui. Fundi mwingine anaingia Jumatatu, na nyumba inatakiwa ipakwe chokaa kabla yake.

Mama amepita kila pembe. Alipitisha mkono kwenye ukuta wa korido, taratibu, kama anayempapasa mnyama aliyezeeka, akasema, "Haya, tumeachana." Kisha akaniuliza nyumba ya karakana ina vyumba vingapi. Nikamwambia viwili. Dada, sijui kama ni viwili. Nimejifunza kusema kama wao.

Tunakuja kwako, kwa siku chache tu, mpaka neno lao lifike. Tafadhali, mtafute mtu wa kukitengeneza kile kidato.

Kitinda


Chumba cha Cherehani
28 Aprili

Mheshimiwa Mkuu wa Utumishi,

Tangu barua yako ya Februari sijapata nyingine. Hii yangu haiulizi chochote. Jibu nimelipata, ingawa halikutoka kwako.

Juzi alikuja kunijulia hali mgonjwa wangu wa zamani, mzee tunayemwita Refa, kwa kuwa hata baada ya kupoteza mguu hakuacha kutembea na filimbi na kuwapulizia majirani wanaokosana. Zahanati walimwambia nimehama, akanitafuta mpaka akanipata. Alivaa mguu mpya kutoka kwenu. Akajisifu, "Utazame, binti yangu! Nimetengenezewa na kijana wao mpya. Yupo pale tangu tarehe mosi Februari, ameniambia mwenyewe." Nikamwomba auvue niutazame. Nilitafuta kosa, nakiri, na sikuliona. Kazi safi. Hilo ndilo lililonitoa machozi, na Refa masikini akadhani ameniudhi, akapuliza filimbi na kujitoa nje kwa kadi nyekundu.

Kwa hiyo uliponiandikia kwamba jina langu limekaa mahali pazuri, kiti kilikuwa na mtu. Nilipokuuliza kama mmempa mtu, kiti kilikuwa na mtu. Sikulaumu kwa kumchagua, mlichagua vizuri. Nakulaumu kwa muda niliokaa mlangoni kwako nikisikiliza hatua za mtu ndani na kuambiwa ni upepo.

Niruhusu niseme nawe kama ambavyo ningesema mbele ya wote walioshika milango ya ajira. Mwombaji kazi haombi kupendwa. Anaomba kujua. Ndiyo ni chakula, hapana ni dawa chungu, na vyote viwili mtu huvimeza akaishi. Ninyi mnadhani hapana ni ukatili, basi mnaifunika kwa maua. Lakini sisi hatuoni maua. Tunaona kitu kimefunikwa, tunakaa kando yake tukingoja kifunuliwe, na huku mashamba yetu yanaota magugu. Kama hamjaamua, semeni mtaamua lini, na siku hiyo ikifika bila uamuzi, semeni pia. Mkimweka mtu akiba, mwambieni kuwa ni akiba, ili naye ajiwekee akiba yake. Kumwomba asijifunge kwingine, hali ninyi mmekwisha kujifunga, ni kumwajiri mtu bila ujira, na kazi mnayompa ni ngumu kuliko zote: kungoja.

Ulimtumia mama yangu salamu, na adabu inanitaka nikujibu hali yake. Wiki ya kwanza hapa alishuka uani peke yake. Mguu ulitafuta kizingiti cha nyumba aliyoizoea, ukakuta kidato kisichokuwapo kichwani mwake. Amevunjika kifundo cha mkono. Viganja ndivyo vilivyokuwa macho yake, Mheshimiwa. Sasa jicho moja limo ndani ya plasta.

Sihitaji jibu la barua hii.

Fundi wa Viungo, ambaye kwa sasa anakata mifuko ya sare za shule


Karakana
30 Mei

Shemeji Kalamu,

Kijana ameondoka. Hakutoroka, aliaga meza kwa meza, na tupa zake aliziacha zimepanguswa.

Majaribio yake yaliisha mwisho wa Aprili. Akakuandikia kuuliza kama amethibitishwa. Alinionyesha jibu lako. Lilikuwa zuri kiasi cha kutundikwa ukutani. Lilisema mchango wake unathaminiwa na kwamba mchakato umefikia hatua ya kutia moyo. Akaniuliza, "Mzee, mimi hapa nimeajiriwa au nimesifiwa?" Nikakohoa, nikarudi kwenye tupa yangu. Wiki iliyopita hospitali nyingine ilimwambia, "Njoo Jumatatu." Naye amekwenda Jumatatu.

Sasa miguu ya watoto imelala mezani bila wenyewe, na wenyewe wamelala majumbani bila miguu. Jana mama mmoja alikuja na mwanawe mgongoni. Mtoto ni mkubwa, mguu wake mmoja ulikuwa ukiburuzika chini. Nikamwambia mama arudi mwezi ujao. Akaniuliza, "Mwezi ujao tarehe ngapi?" Nikasikia sauti yako ikitaka kutoka kinywani mwangu. Niliogopa.

Barua ya binti ya Aprili ulinisomea ulipokuja kula kwangu. Ukafika kwenye habari za mama yake, ukaikunja, ukaomba chumvi. Hukuijibu. Leo unamhitaji, na utaratibu wenu unasema hii ndiyo siku ya kuvuna akiba. Haya, vuna. Lakini andika kama mtu anayeumwa jino: neno ulitoe pale tu linapokuwa la lazima. Mweleze ni kazi gani, inaanza lini, nyumba ikoje, ajibu lini. Ukiandika "subira" nitakuja hapo na msumeno, dada yangu awe mjane.

Mzee Plasta


Ofisi ya Utumishi
6 Juni

Ndugu Fundi,

Nafasi ya fundi wa viungo, pamoja na kazi ya chumba cha watoto, ni yako, ukiitaka.

Mtu tuliyemchagua ameondoka. Wewe ulikuwa wa pili tangu siku ya usaili. Nilijua, na nilikuficha.

Kazi inaanza tarehe 1 Julai. Mkataba ni wa kudumu, bila kipindi cha majaribio. Nimekwenda kuikagua nyumba mwenyewe. Ina vyumba viwili, jiko na choo ndani, na haina ngazi wala kidato. Mshahara umeandikwa kwenye karatasi ya pili. Nahitaji jibu lako kabla ya tarehe 20 Juni. Siku hiyo ikipita bila jibu, nitaelewa kuwa hutaki, nami sitakusumbua tena.

Barua yako ya Aprili niliijibu mara nyingi. Majibu yote yalikuwa marefu, na sikuyatuma.

Pole kwa mama yako.

Mkuu wa Utumishi


Chumba cha Cherehani
13 Juni

Mheshimiwa Mkuu wa Utumishi,

Barua yako ya sasa nimeisoma mara moja, kwa kuwa mara moja ilitosha. Zile za mwanzo nilizisoma mpaka mikunjo ikachanika. Dada yangu, ambaye hukasirika kwa niaba yangu hata mimi ninapochoka, aliishika akaigeuza nyuma na mbele, akasema, "Kumbe alikuwa anajua kuandika!" Akarudi kwenye mashine yake.

Nami nikujibu kwa namna hiyohiyo. Hapana. Siji.

Sababu si hasira, ingawa hasira ninayo. Ningekuwa peke yangu, ningefika kabla ya barua hii. Namfikiria mtoto yeyote ambaye mguu wake umebaki nusu mezani kwenu, na vidole vinaniwasha. Kama yupo aliyeshika nafasi ya tatu, mwandikie leo, umwambie alikuwa wa tatu, na kwamba wawili wa mbele wameondoka. Asije akapita barabara nyingine kwa kutojua kwamba hii iko wazi.

Nilifikiri kumwacha Mama hapa. Haiwezekani. Mkono umetoka kwenye plasta ukiwa umepinda, hawezi kufunga kanga wala kushika kikombe cha chai bila mtu kando yake, na mikono ya Dada iko kwenye cherehani inayotulisha sote.

Basi nilimsomea barua yako. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Akauliza, "Haina ngazi?" Nikasema haina. "Na vyumba ni viwili kweli?" Nikasema viwili kweli, Mama, safari hii ni kweli. Akasema, "Twende, Kitinda. Hii kazi ulikuwa unaitaka."

Akainuka akusanye nguo zake. Akaenda moja kwa moja hadi ukutani, akaanza kupapasa kwa ule mkono uliopinda, juu, chini, pembeni, akilitafuta kabati. Kabati tuliliacha zahanati. Alipolikosa akahamia upande wa kulia wa ukuta, akilitafuta dirisha la jikoni ambalo chumba hiki hakina. Kisha akasimama katikati ya sakafu, mikono yote miwili mbele yake, asijue yuko katika nyumba ipi.

Dada aliisimamisha mashine. Nilimshika Mama kiwiko, nikamrudisha kitandani, nikamwambia hakuna tunakokwenda.

Fundi wa Viungo